Kijino Husoma wa Mwisho

Jumapili, 2 Machi

Mdogo wangu ameondoka asubuhi na mfuko mmoja wa nguo. Cherehani yake ameiacha pembeni mwa sebule yangu, imefunikwa shuka, maana huko kiwandani anakokwenda kushona sare, cherehani zipo. Kibarua ni mpaka mvua ziishe. Ameniachia na mtoto.

"Dada, chakula atakula chochote, nguo atavaa zozote," kaniambia pale mlangoni. "Wewe nifundishie mtoto kusoma tu. Nikirudi anisomee. Sitaki awe kama mimi, wa kubeba karatasi kwenda kusomewa na jirani."

Nikamwambia aende salama, hiyo kwangu ni kazi ndogo. Nimefundisha darasa la kwanza tangu sijaota mvi, nitashindwa na huyu mmoja?

Mtoto tunamwita Kijino kwa sababu meno ya mbele yameng'oka yote, limebaki moja, nalo linacheza. Mama yake alipoondoka hakulia. Aliuliza tu kama mbwa wa jirani anauma.

Jumatatu, 3 Machi

Njiani nimempa sheria: nyumbani mimi ni mama mkubwa, shuleni mimi ni mwalimu. Asichanganye.

"Na njiani je?" akauliza.

"Njiani ni mama mkubwa mpaka getini."

Mvua ya kwanza imetukuta hapo hapo getini. Akanitazama, akasema, "Tukimbie, mwalimu." Nimecheka mpaka ofisini.

Jumatano, 5 Machi

Tangu mwaka jana mwalimu mkuu ameagiza kusoma kufundishwe kwa vikundi vidogo. Watoto wengine wote wanabaki darasani wakinakili ubaoni, mimi naingia na watano kwenye stoo iliyo nyuma ya darasa, tunakaa mkekani. Kitabu ni kimoja kwa kikundi, kwa hiyo kinapita mikononi. Wa mlangoni anasoma ukurasa, anampa wa pili, wa pili anasoma ukurasa ule ule, hivyo hivyo mpaka kimfikie wa ukutani. Ndipo tunafungua ukurasa mwingine.

Vikundi nilitaka kuviita majina ya ndege. Wakakataa katakata. Wamejiita Pikipiki, Treni, Lori na Baiskeli. Baiskeli ndio wazito, na hakuna asiyejua hilo, Baiskeli wenyewe wakiwemo.

Kijino nimemtia Pikipiki kwa kuwa mdomo wake ni mwepesi. Wako mapacha wawili, binti wa fundi viatu, na kijana mmoja tunayemwita Mzee wa Baraza, kwa sababu hawezi kusoma neno kabla hajakohoa na kusafisha koo kama anayetaka kuhutubia.

Mama wa mapacha ameshanipitia. "Mwalimu, nasikia mwaka huu una mtoto wako darasani." Alicheka, lakini nilimwelewa vizuri sana. Basi Kijino nimemkalisha ukutani. Atasoma wa mwisho, atanawa mikono wa mwisho, atatoka wa mwisho. Asije mtu akasema nampendelea.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Stoo inavuja upande wa mlangoni. Tumesogeza mkeka.

Ijumaa, 14 Machi

Kijino anasoma! Nilidhani itachukua mwezi, lakini leo kitabu kilipomfikia amekishika kwa mikono miwili, akasoma ukurasa wote bila kupepesa. Cha kuchekesha, alianza kwa kukohoa. Kikohozi kile kile cha Mzee wa Baraza, na mkono kifuani. Nikawasimulia walimu ofisini, tukacheka wote. Mwalimu Miwani tu ndiye hakucheka sana. Aliuliza, "Anakohoa kila mara?" Nikamwambia kila mara, ndiyo raha yenyewe.

Jumatano, 19 Machi

Huyu Mwalimu Miwani anafundisha mkondo wa pili, mlango wa jirani, na vurugu lake linanifikia mpaka stoo. Nimechungulia leo. Ana kopo lenye vizibo vya soda, kila kizibo kina alama ya mtoto, na kabla ya kila ukurasa mmoja anachovya mkono kuchomoa nani asome. Wanapiga kelele kama wako kwenye bahati nasibu. Mwingine alikuwa ameshika kitabu miguu juu kichwa chini, na mwalimu wake anacheka naye.

Nimemwambia kwa upole, kama mkubwa wake kazini, kwamba mtoto anahitaji utaratibu. Akasema, "Ni kweli, dada." Akaendelea na kopo lake.

Jumapili, 23 Machi

Mdogo wangu amepiga simu, ameazima ya mwenzake. Sauti inakatika, nyuma yake mashine zinalia. Hakuuliza afya wala chakula. "Anasoma?"

"Anasoma kama anakunywa maji," nikamwambia.

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika, kumbe analia.

Jumanne, 25 Machi

Jino la Kijino limetoka, amelimeza na mkate. Mume wangu anamwambia litaota mti tumboni.

Jumatatu, 31 Machi

Mwalimu mkuu ametembelea vikundi. Amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akawasikiliza Pikipiki mmoja mmoja. Mapacha walimeza maneno kwa woga. Binti wa fundi viatu akakwama katikati, nikamsaidia. Kijino, wa mwisho, akakohoa, akasoma ukurasa kutoka juu mpaka chini, akafunga kitabu.

"Huyu ni wako?" mwalimu mkuu akauliza.

"Ni mwanafunzi tu," nikasema, na kifua kimejaa.

Nimempikia Kijino yai leo. Nimemwambia asimwambie mtu shuleni.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua siku nzima. Nguo hazikauki.

Alhamisi, 10 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie mvuani.

Tangu alfajiri ilikuwa inamwagika, mto umefunika njia ya upande wa bondeni, na watoto wengi hawakufika. Wa Pikipiki alikuwepo Kijino peke yake, kwa kuwa nilimbeba mgongoni. Wa vikundi vingine walikuwa wachache, nikawaingiza wote stoo, tukakaa kwa kubanana. Nikaona ni nafasi nzuri. Nikamwambia Kijino asome ukurasa mpya, wenzake wasikie msomaji anavyosoma. Ndivyo nilivyosema, kwa majivuno yangu.

Akashika kitabu. Akangoja.

"Anza."

"Tunawasubiri Pikipiki wenzangu."

"Leo hawaji. Anza wewe."

Akatazama mlango. Akakohoa kile kikohozi, mkono kifuani, akaanza: "Mbuzi alikwenda kisimani. Akamwambia kisima, nipe maji. Kisima kikasema, niombe vizuri..." Ilikuwa hadithi nzuri. Watoto walinyamaza kumsikiliza. Kwenye picha kweli palikuwa na mbuzi na kisima. Kwenye maandishi palikuwa na mistari miwili tu, kwamba mbuzi ana kiu na baba anachota maji.

Kwanza nilitaka kucheka. Kisha nikaisoma tena ile mistari miwili.

Nikaweka kidole chini ya neno. "Hili ni nini?" Akatazama picha. Nikashuka mpaka silabi. Nikamwonyesha *mo*. Akaanza kuimba, "Ma, me, mi, mo, mu," na kunitazama usoni ajue asimame wapi. Sura yangu ndiyo aliyokuwa akiisoma. Nikafungua ukurasa wa kwanza kabisa, ule wa Machi. Akausema wote, neno kwa neno, bila kukosea, na macho yakiwa kwenye mlango.

Hapo nilitakiwa kufunga kitabu, nimwambie twende tukanawe mikono. Sikufanya hivyo. Nilimfikiria mwalimu mkuu juu ya ile ndoo. Nilimfikiria mama wa mapacha. Nikasema mbele ya wote, na sauti ilikuwa kubwa kuliko mvua: "Kumbe hujui hata moja! Umenifanya mjinga muda wote huu. Kuanzia leo wewe ni Baiskeli."

Watoto wakacheka. Waliocheka zaidi ni Baiskeli wenyewe, maana wamepata wa kumcheka.

Kijino hakulia. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, kama anayenikumbusha kitu nilichosahau mezani, "Lakini mimi huwa wa mwisho."

Nikamwambia asinijibu.

Ijumaa, 11 Aprili

Mimi huwa wa mwisho. Imenizunguka kichwani kutwa nzima.

Hakuwa anajitetea. Alikuwa ananieleza. Kabla kitabu hakijamfikia, ukurasa umeshasomwa na watoto wanne. Amesikia mara nne, tena na pale nilipowasahihisha, tena na kikohozi cha Mzee wa Baraza, akidhani nacho ni sehemu ya kusoma. Mtoto mwenye masikio kama yale angefanya nini zaidi? Alidhani kusoma ndiko huko: unasikiliza vizuri, zamu yako ikifika unasema. Hakuna aliyemwambia vingine. Niliyetakiwa kumwambia nilikuwa namkalisha ukutani ili watu wasinisengenye.

Wala hakunidanganya. Nilijidanganya mwenyewe, yeye alikuwa ananirudishia nilichotaka kusikia.

Haya nayaandika hapa. Yeye sijamwambia.

Jumapili, 13 Aprili

Simu. "Anasoma, dada?"

"Anasoma kama anakunywa maji."

Yametoka kabla sijafikiri, kwa kuwa ndiyo maneno ya kila Jumapili. Ningeweza kuyarudisha. Mdogo wangu akasema wenzake kiwandani wameshachoka kusikia habari za mtoto wake anayesoma, nikacheka naye.

Kijino alikuwa chini ya meza anavaa viatu. Nilipokata simu akasema, "Umemwambia najua."

"Nimemwambia utajua."

"Hapana. Umesema najua."

Mume wangu, aliyekuwa anafungua friji la mteja pale uani, aliacha kugonga.

Jumatano, 16 Aprili

Tumeanza masomo ya nyumbani, kila siku tukishamaliza kula. Meza ya jikoni, kadi za silabi, rula yangu. Lazima tufike. Mvua zikiisha mama yake yuko mlangoni. Leo amejua tano, akasahau tatu.

Alhamisi, 17 Aprili

Amejua nne.

Ijumaa, 18 Aprili

Mbili. Nimegonga meza kwa rula, kadi zikaruka. Mume wangu akaingia, akaziokota, akatoka.

Jumatatu, 21 Aprili

Shuleni Baiskeli wanamwita "Mbuzi". Nimewakataza. Wanamwita kwa kunong'ona.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemfinya sikio.

Nilimwonyesha kadi, akatazama uso wangu badala ya kadi. Nikamwambia atazame kadi. Akatazama uso. Nikalishika sikio nikaligeuza kuelekea kwenye kadi, na nililigeuza kwa nguvu. Wazazi wanapowapiga watoto wao nyumbani mimi ndiye ninayewaita shuleni na kuwapa hotuba. Nina hotuba nzuri sana, wanatoka wameinamisha vichwa.

Hakupiga kelele. Aliweka mkono juu ya sikio akasema, "Samahani, mwalimu."

Tulikuwa jikoni.

Alhamisi, 24 Aprili

Bado ananiita mwalimu. Nyumbani, njiani, popote. "Mwalimu, naomba maji." Nikifungua kitabu anafumba mdomo, na hafumbui mpaka nikifunge. Si ukaidi. Naona kabisa anajaribu, midomo inatetemeka, haifunguki.

Mvua ile ile.

Jumatatu, 28 Aprili

Mume wangu ni fundi friji, na kila kitu kwake ni friji. Leo tukiwa tunapepeta mchele ameniambia, "Friji lililogoma, ukilipiga kofi ubavuni, wakati mwingine linawaka. Ndiyo maana watu wanazoea kupiga kofi. Mtoto hana ubavu huo."

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana, mama. Nakwambia tu kwamba mimi akiniona anacheka. Wewe akikuona anakaa wima."

Nilikasirika. Nimekwenda kuzihesabu kadi ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa. Mchana nimemwona Kijino na Mwalimu Miwani kwenye korido. Alikuwa amechuchumaa, miwani imeshuka puani, anamwonyesha vizibo vyake. Kijino alikuwa anaongea. Nilikuwa sijamsikia akiongea hivyo kwa siku nyingi.

Ijumaa, 2 Mei

Nimekwenda kwa Mwalimu Miwani. Nimezunguka ofisi mara mbili kwanza, nikajifanya natafuta chaki.

"Nataka kukupa mtoto," nikamwambia.

Alijua nani. Hakuniuliza kwa nini. Alisema tu, "Nilitaka kukwambia siku ile ya kikohozi, dada. Nikaona nitakuvunjia heshima."

"Ungenivunjia tu."

"Ungekubali?"

Nisingekubali. Ningempa ule mhadhara wa utaratibu. Wote wawili tulilijua hilo, tukatazama mvua dirishani. Yeye heshima yake imemgharimu mtoto, na mimi yangu imemgharimu zaidi.

Jumatatu, 5 Mei

Kijino amehamia mlango wa pili. Nimemwonyesha pa kukaa nikaondoka haraka. Kwenye mkeka wangu Pikipiki wamebaki wanne, nafasi ya ukutani iko wazi. Mzee wa Baraza ameuliza, "Mwalimu, sasa nani atakuwa wa mwisho?"

Nikasema leo tutaanzia ukutani.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeomba vizibo. Mwalimu Miwani kanipa mfuko mzima, hakucheka hata kidogo. Angecheka ningejisikia nafuu.

Ukweli umetoka mapema. Binti wa fundi viatu, aliyekuwa akisoma wa tatu siku zote, kizibo chake kimetoka cha kwanza, akababaika. Mapacha nao, yule wa pili alikuwa anamtegemea wa kwanza. Kwa hiyo hakuwa Kijino peke yake. Ni yeye tu aliyekuwa na masikio mazuri kuliko wote.

Jumapili, 11 Mei

Simu haikupigwa. Nimefurahi kwamba haikupigwa. Nimeona haya kwa kufurahi.

Alhamisi, 15 Mei

Leo nimemwomba msamaha. Nilikuwa namsuka nywele, ananipa mgongo, ndiyo maana nimeweza.

"Nisamehe kwa lile sikio."

Akaligusa. "Haliumi tena."

"Na kwa kukusema mbele ya watoto. Hukunidanganya. Mimi ndiye niliyekufundisha vibaya."

Akafikiri. "Mwalimu Miwani anasema nilikuwa nasoma kwa masikio. Anasema masikio yapo, sasa tunaongeza macho."

"Anasema kweli." Nikafunga uzi wa mwisho. "Basi turudi kwenye sheria yetu. Nyumbani niite mama mkubwa."

"Sawa, mwalimu."

Hakusema kwa ubaya. Ndilo jina langu sasa, limeshaingia. Nilibaki nimeshika kitana.

Jumanne, 20 Mei

Jua limetoka mchana, likarudi ndani. Meno mawili mapya yameanza kumtokeza Kijino mbele, mapana, yana meno meno kama msumeno. Mume wangu anasema itabidi tumtafutie jina lingine.

Alhamisi, 22 Mei

Mdogo wangu amepiga simu. Kibarua kimekwisha, Jumamosi yuko hapa. "Nimemnunulia kitabu," akasema. "Nilimwambia muuzaji anipe ambacho hakuna shule inacho, kipya kabisa, anisomee mimi wa kwanza."

Nilikuwa nimeshapanga sentensi. *Mdogo wangu, kuna jambo sikukwambia.* Nilikuwa nayo mdomoni. Badala yake nikamuuliza atafika saa ngapi.

Mwalimu Miwani naye nimemuuliza leo. "Anaanza," kasema. "Pole pole. Kwangu anasoma. Usimharakishe tu."

Hakusema "usimguse". Ila nilisikia hivyo.

Jumamosi, 24 Mei

Amefika mchana, kwenye manyunyu. Amekonda, vidole vina alama za sindano, anacheka cheka ovyo kwa furaha. Kijino amemrukia hata mfuko haujatua chini. Wamekaa sakafuni palepale wakishikana mashavu, wakihesabiana meno. Mume wangu ameleta chai, tukanywa, tukapeana habari za njiani. Mimi nilikuwa nakiangalia tu kile kitabu, kimechomoza kwenye mfuko, kina jalada la kijani na picha ya bata.

Hatimaye akakitoa. Akajifuta mikono kwenye sketi kabla ya kukishika. "Haya, mama. Nisomee."

Kijino akakipokea. Akakifungua. Akanitazama mimi, mdomo ukajifumba. Niliuona unavyojifumba.

"Soma basi," mama yake akasema.

"Mwalimu atoke kwanza."

"Mwalimu gani?" Mdogo wangu akaangalia mlangoni, kama kuna mgeni ameingia.

"Huyu."

Kidole chake kilikuwa kwangu. Mdogo wangu akacheka, akadhani ni utani wa mtoto, akanitazama tucheke wote. Mume wangu alikuwa anatazama ndani ya kikombe.

"Ngoja nikaanue nguo," nikasema.

Nguo zilikuwa zimeshaanuliwa. Nikatoka, nikasimama chini ya dirisha la sebule ambapo paa limejitokeza kidogo, manyunyu yananipiga miguuni. Nikasubiri kikohozi.

Hakukohoa.

"Ba... ta," akasema. "Bata. Bata a... me... po... Bata amepotea." Akavuta pumzi. Nilikuwa siijui hadithi ile, sijaiona hata ukurasa mmoja. Alipokwama sikujua amekwama wapi, na mdomo wangu uliotaka kumsaidia haukuwa na la kusema. Alirudi nyuma, akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Akapata. Ukurasa ule mtoto wa Baiskeli angeumaliza haraka zaidi. Lakini aliyekariri hakwami hivyo. Anayekwama hivyo anasoma.

Nililia pale nje. Sikulia kwa furaha peke yake.

Baadaye mlango ukafunguliwa, mdogo wangu akatoka, akaja kusimama karibu yangu. Alikuwa ameshusha sauti ili mtoto asisikie.

"Dada, si uliniambia anasoma kama anakunywa maji? Mbona anakwama kwama hivi? Au ni mimi sielewi? Mimi kusoma sijui, labda ndivyo kulivyo."

Hapo ningeweza kumwambia ndivyo kulivyo. Angeniamini. Hana njia ya kujua, na tangu utotoni kila nilichomwambia ameniamini.

"Nilikudanganya," nikasema. "Wakati ule alikuwa anakariri, sikujua. Nilipojua nikakwambia vile vile. Nikamkaripia mbele ya wenzake, nikamfinya na sikio. Huko kusoma ulikokusikia amefundishwa na mwalimu mwingine. Ndiyo maana anakwama. Anajifunza sasa hivi."

Akanitazama. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati, tukayasikiliza.

"Wenzangu kiwandani niliwaambia wote," akasema.

"Najua."

"Ungeniambia tu, dada. Mimi ningekasirika kwa sababu gani, na mimi ndiye nisiyejua?"

Akajipangusa uso kwa kiganja, akarudi ndani. Nikamsikia anamwambia mtoto, "Haya, pole pole tu. Turudie hapo pa bata. Nionyeshe na mimi kwa kidole."

Mimi sikuitwa kuingia. Nikabaki nje mpaka bata akapatikana.

Jumapili, 25 Mei

Wameondoka asubuhi. Mume wangu amebeba cherehani mpaka kituoni. Mdogo wangu amenikumbatia, si kama zamani, lakini amenikumbatia. Amesema huko kwao ataangalia shule wanakosoma kwa vikundi, na atauliza wanaanzia upande gani.

Kijino amevaa mfuko mgongoni, kile kitabu cha kijani kaking'ang'ania mkononi, hataki kiingie mfukoni. Nilichuchumaa nimfunge kamba ya kiatu. Nilitaka ainame aniite lile jina la zamani, mara moja tu, kabla ya geti. Nilichelewa kumaliza fundo kwa makusudi.

"Kwaheri, mwalimu," akasema, kwa heshima zote.

"Kwaheri, mama," nikamjibu.

Mvua imekatika. Nimeanika shuka iliyokuwa imefunika cherehani.